Kifungu cha Ngazi

Mwaka wa tisa huu naandika bajeti ya Idara.
Tarakimu zangu zimelala kama furu juani,
wembamba, wakavu, wote wametazama upande mmoja.

Safari hii kuna kichwa kipya: Kuimarisha Mitaa.
Chini yake mafunzo, posho ya mafunzo,
chai ya mafunzo, dizeli ya kuwapeleka wakufunzi,
na mwisho kabisa, kabla ya jumla,
ngazi za mawe, Mabatini juu, mita mia na themanini.

Mstari huo niliuandika polepole.
Ofisini hawajui kuwa nilizaliwa kule,
nyumba ya nne kutoka njia inapokatikia,
jiwe moja ukuta wetu wa nyuma,
jiwe jingine dari ya jirani,
na mvua ikinyesha, choo cha juu
huwatembelea wa chini bila hodi.

Kule juu kuna kiti.
Cha plastiki, cha bluu, mguu mmoja
umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Si cha mtu. Hukaa kwa Mayu Ng'washi
kwa sababu mlango wake haujui komeo.
Uchungu ukimshika mwanamke usiku
vijana wanne hukiinua,
mwenye tochi hutangulia akiitaja njia:
hapa kwa Lugembe,
hapa palipovunjikia mtungi,
hapa shika ukuta,
hapa nyamazeni, kuna mbwa,
mpaka lami, mpaka bajaji, mpaka taa za Bugando.

Nimekishukia mara mbili.
Mara ya kwanza nimekikalia, homa ya matumbo,
umri wangu miaka kumi na mmoja.
Mara ya pili nimekibeba
na baba yangu ndani yake,
mwepesi, mwepesi kupita haki.

Kiti hakina kifungu.
Nimetafuta. Samani za ofisi, hapana.
Usafirishaji, hapana.
Afya ya mama na mtoto: hiyo si idara yetu.

Fedha za ngazi zilikuja nusu, Aprili, pamoja na mvua.
Fundi Bwire alipanda nazo
hadi kipandio cha sitini na tatu,
akaegemeza koleo, akasema,
shilingi imeishia hapa.
Posho za mafunzo zilikuja zote.

Juni, wakaguzi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
aliguna mtu nyuma ya jiwe.
Mkuu wetu alivaa viatu vya ncha.
Kwenye cha arobaini alisimama kusifia ziwa,
ziwa ambalo hakuligeukia.
Kwenye cha sitini na tatu aliinua mguu,
akautafuta wa sitini na nne hewani.

Mayu Ng'washi alikuwa juu yetu na ungo,
akichambua dagaa.
Hakusimama. Aliuliza tu,
kama mtu anayeulizia chumvi:
"Tuwaletee kiti?"

Kicheko kilianzia kwa watoto
kikateremka jiwe kwa jiwe
mpaka kwa wauza mkaa barabarani.
Kwenye ripoti hakimo.

Jumamosi nilirudi peke yangu, bila beji.
Wanawake walikuwa wanaponda kokoto,
Bwire anakoroga saruji iliyobaki kwenye msiba wa mtu,
saruji ya kaburi, nusu mfuko.
Cha sitini na nne kimeshamwagwa.
Kimepinda, kirefu kuliko vyote,
kwa kuwa jiwe la chini lilikataa nyundo
na wao wakakubaliana nalo.
Nilijikwaa. Waliniambia kila mtu hujikwaa hapo
siku ya kwanza.

Sasa naandika ya mwaka ujao.
Ngazi, Mabatini juu, awamu ya pili.
Vilivyojengwa: sitini na tano,
maana jana nimepigiwa simu.
Vya fedha ya Idara: sitini na tatu.
Vilivyobaki viwili, safu ya chanzo cha fedha,
nimeacha wazi.

Kompyuta haitaki nafasi tupu.
Inawaka nyekundu, inasema: jaza.
Nimekaa nayo tangu saa nane.
Mlinzi amepita mara mbili na funguo.